Salamu za Mtoto Mchanga

Degedege twaijua sote. Mtoto ana homa kali, macho yageuka juu, mwili wakakamaa na kutetemeka, mama apiga ukelele, majirani waja mbio. Wengine huuita ugonjwa wa ndege. Hakuna mzazi aonaye jambo hilo akadhani kwamba ni mchezo. Juma hili twataka kusema habari ya ugonjwa mwingine, wa jamaa ya kifafa, ambao hauna homa, hauna povu wala kishindo, na kwa sababu hiyo watu huuacha upite mbele ya macho yao.

Mtoto ana miezi minne, mitano au sita. Jana alikuwa akimchekea mama yake. Leo aamka usingizini, na mara kichwa chainama mbele, mikono yatupwa mbele au kando, magoti yapanda tumboni. Kufumba na kufumbua jambo limekwisha. Baada ya sekunde chache larudi. Larudi tena na tena, mara kumi, mara ishirini, hata zaidi. Kisha mtoto alia, ama achoka na kulala. Bibi asema ni chango. Jirani asema mtoto ameshtuka tu. Na yuko wa tatu ambaye acheka na kusema: tazameni, mtoto atusalimu!

Neno hilo la salamu si mzaha wetu sisi. Limo katika historia ya ugonjwa wenyewe. Mwaka 1841 daktari mmoja Mwingereza, William James West, wa mji wa Tonbridge, aliandika barua kwa gazeti la madaktari liitwalo The Lancet. Hakuandika habari ya mgonjwa wa mbali. Aliandika habari ya mwanawe mwenyewe, aliyekuwa karibu kutimiza mwaka mmoja. Alieleza kwamba mtoto alizaliwa mzima, akastawi mpaka mwezi wa nne. Ndipo kichwa kilipoanza kuinama kidogo. Kisha kuinama kukazidi nguvu hata kichwa kikaelekea magotini, mara kumi au ishirini mfululizo, nako kukawa kunarudi mara kadhaa kila siku. Baba alijaribu yote ambayo uganga wa siku zile uliyajua: ruba za kunyonya damu, maji baridi kichwani, dawa za kuharisha, kuchanja ufizi kwa kudhani kwamba ni meno, hata afyuni. Hakuna kilichofaa. Akaenda London kuuliza mabingwa. Mmoja wao, Sir Charles Clarke, alikuwa amekwisha kuona watoto wachache wa namna hiyo, naye aliupa ugonjwa jina lenye neno la Kiarabu ambalo sisi twalitumia kila asubuhi: salaam.

Lililomchoma West moyoni halikuwa kuinama kwenyewe. Ni kwamba mtoto hakuchangamka kama watoto wa umri wake, wala hakuvitumia viungo vyake kama wao. Akili yake ilikuwa ikififia. Aliomba wenzake wamwambie kama yuko aijuaye dawa. Hakuna aliyeijua. Mtoto aliishi mpaka umri wa miaka 20 hivi, lakini hakupata akili ya mtu mzima. Madaktari huuita ugonjwa wa West hata leo, kwa jina la baba huyo.

Tazameni vema jambo aliloliona. Mtoto huinama kwa dakika mbili au tatu, halafu atulia saa nzima, mbili, tatu. Lakini akili yapotea mchana kutwa. Dakika tatu zawezaje kuharibu siku nzima? West hakuweza kujibu, kwa maana alikuwa na macho tu, na macho hayapenyi fuvu la kichwa. Jibu lilingoja zaidi ya miaka mia moja, mpaka watu walipopata njia ya kusikiliza ubongo wenyewe.

Njia hiyo ilianzia Ujerumani, mjini Jena. Hans Berger alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Katika ujana wake, alipokuwa askari, alianguka kutoka juu ya farasi, na gari la mzinga likawa karibu kumponda. Siku ile ile dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na hofu kubwa kwa ajili yake, hata baba yao akapeleka simu kuuliza kama yu mzima. Tangu hapo Berger aliamini kwamba mawazo yaweza kutoka kichwani mwa mtu na kusafiri, naye akafanya kazi miaka mingi kuitafuta nguvu hiyo. Hakuipata. Lakini mwaka 1924 alifaulu kupima umeme wa ubongo wa mtu, na mwaka 1929 akautangaza. Wengi hawakumsadiki mpaka mwaka 1934, wakati Edgar Adrian na mwenzake Matthews, huko Cambridge, walipoyapata mawimbi yale yale. Hivyo ndivyo elimu iendavyo mara nyingi: mtu atafuta ng'ombe aliyepotea, apata kisima.

Umeme huo ni nini? Ubongo una chembe hai zisizohesabika, nazo hupashana habari kwa umeme mdogo sana. Umeme wa chembe moja haufiki nje. Lakini chembe nyingi za gamba la ubongo zikitenda pamoja, umeme wao hukusanyika, na mtu akibandika visahani vidogo vya madini juu ya ngozi ya kichwa aweza kuupima. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Wimbi la ubongo wa mtu mzima aliyefumba macho na kupumzika huwa kama mikrovolti 50, yaani ni dogo kuliko umeme wa betri hiyo mara 30,000. Basi yabidi mashine iukuze umeme huo, kisha iuchore. Zamani uliandikwa kwa kalamu za wino juu ya karatasi ndefu. Siku hizi huonekana katika kompyuta. Mchoro huo huitwa elektroensefalogramu, na katika hospitali zetu watu husema EEG tu.

Hapa tuseme neno moja kwa wazazi waogopao nyaya. Mashine hii haitii umeme kichwani mwa mtoto. Haichomi, haiumizi, wala haisomi mawazo yake. Ni kama mtu aliyetega sikio mlangoni: yasikiliza tu.

Yeye aliyezoea michoro hii ajua kwamba ubongo wa mtoto hauna mwendo wa ubongo wa mtu mzima. Mtoto wa miezi mitatu au minne, akiwa macho, ana mawimbi ya upande wa kisogoni ambayo hupanda na kushuka mara tatu au nne kwa sekunde. Akitimiza mwaka mmoja, yamekuwa kama sita. Akiwa na miaka mitatu, kama manane. Mtoto mkubwa wa shule ana tisa au kumi, sawa na baba yake. Kama vile mama apimavyo kilo za mtoto kwenye mizani ya kliniki, daktari aweza kuona katika mchoro kama ubongo wakua kwa utaratibu wake.

Tena lazima tufahamu jambo ambalo ni kinyume cha mtu adhanivyo. Wimbi kubwa si dalili ya ubongo wenye nguvu. Ingieni sokoni saa ya asubuhi. Huyu auza mihogo, yule aulizia bei ya dagaa, wale wawili wasimuliana habari za arusi. Ukisimama mbali wasikia uvumi tu, lakini ndani yake kazi nyingi zafanyika. Sasa moto utokee, na watu wote wapige kelele pamoja: sauti yafika mlima wa pili, lakini hakuna tena auzaye wala anunuaye. Ubongo ufanyao kazi una mawimbi madogo, kwa kuwa kila kikundi cha chembe kina shughuli yake. Mawimbi makubwa ya ghafula yaonyesha kwamba chembe nyingi zimepiga kelele pamoja.

Mwaka 1952, huko Marekani, Frederic Gibbs na mkewe Erna Gibbs walieleza mchoro wa watoto wenye ugonjwa wa West. Wakaupa jina kwa maneno ya Kiyunani: hipsaritmia, maana yake mwendo wa mawimbi yaliyo juu sana. Tunaposema juu sana, tufikiri mikrovolti 200, 300 na kuzidi, katika kichwa cha mtoto asiyejua hata kukaa. Mawimbi hayo ni mazito na ya polepole, na katikati yake zatokea ncha kali kama miiba. Hayana utaratibu wowote. Mara mwiba watokea upande wa kushoto, mara kulia, mara kisogoni, mara kila mahali pamoja. Wavuvi wa Tanganyika wanajua namna ziwa linavyochafuka usiku upepo ukitoka pande zote, hata mwenye mtumbwi asijue aelekeze wapi pua ya chombo. Hipsaritmia ni kama ziwa hilo.

Na sasa twafika kwenye jibu la swali la West. Mchoro huo wa tufani haupatikani wakati wa kuinama tu. Upo mtoto akiwa ametulia. Upo anapolala, na kwa watoto wengine waonekana zaidi katika usingizi, ndiyo maana daktari mwenye ujuzi hataki kupima mtoto mchanga asiyelala. Bali saa ya kuinama kwenyewe, mara nyingi latokea jambo la ajabu: baada ya wimbi moja kubwa mchoro watulia ghafula, mistari yalala karibu kunyooka, kisha tufani yarudi. Yaani mwili unapotikisika, karatasi yanyamaza. Mwili unaponyamaza, karatasi yatikisika. Mama amshikaye mtoto wake na kusema, ashukuriwe Mungu, imepita, hana kosa; lakini ndani ya kichwa haijapita.

Mtoto wa umri huo ana kazi kubwa kuliko kazi ya mwanafunzi yeyote. Ajifunza kutambua uso wa mama yake, kufuata taa kwa macho, kushika kitu, kukaa, kusikia kwamba sauti fulani ni jina lake. Kazi hiyo yote yafanywa na chembe zile zile zinazopiga kelele mchana na usiku. Ndiyo maana wazazi wengi husimulia jambo moja: mtoto aliacha kucheka. Alikuwa akitutazama, sasa atazama ukuta. Alianza kukaa, sasa aanguka kama kitambaa. Wengine hudhani amekuwa kipofu. Mwaka 2010 shirika la kimataifa la madaktari wa kifafa lilieleza waziwazi maana ya magonjwa ya namna hii: ni yale ambayo tufani ya umeme yenyewe yaongeza madhara katika akili, kupita madhara yaletwayo na kile kilichouumiza ubongo hapo mwanzo. Madaktari huyaita ensefalopatia za kifafa. Jina ni gumu, lakini maana yake ni tumaini pia. Kwa kuwa kama sehemu ya hasara yatoka katika tufani, basi mtu akiituliza tufani mapema aweza kuiokoa sehemu hiyo.

Je, yaweza kutulizwa? Hapa habari yatujia kutoka Ubelgiji. Mwaka 1958, mwaka ule wa maonyesho makubwa ya Bruxelles ambayo Wakongo mia kadhaa walipelekwa kwayo, madaktari wawili Wabelgiji, Sorel na Dusaucy-Bauloye, waliandika habari za watoto 21 wenye hipsaritmia. Dawa za kawaida za kifafa hazikuwafaa. Wakajaribu sindano za ACTH, ambayo si dawa ya kifafa hata kidogo. Ni homoni itokayo katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo huamsha tezi zilizo juu ya mafigo. Ikaonekana kwamba kuinama kwakoma kwa watoto, na mchoro wa ubongo watulia, tena upesi, kwa siku chache. Zaidi ya miaka mia moja baada ya barua ya Tonbridge, kukapatikana kitu cha kumjibu baba yule.

Leo ziko njia mbili zitumikazo zaidi. Ya kwanza ni homoni: ama sindano za ACTH, ama vidonge vya prednisoloni, ambavyo ni rahisi kupatikana kuliko sindano. Ya pili ni dawa iitwayo vigabatrini. Katika uchunguzi wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2004, watoto 107 waligawiwa kati ya njia hizo mbili. Baada ya siku 14, katika kundi la homoni watoto 40 kati ya 55 walikuwa wameacha kuinama. Katika kundi la vigabatrini walikuwa 28 kati ya 52. Lakini watoto wenye ugonjwa mmoja wa urithi, unaotia vivimbe vidogo ndani ya ubongo, hawakuwamo katika hesabu hiyo, maana hao hufaidiwa hasa na vigabatrini. Ugonjwa huo mara nyingi huacha alama: mabaka meupe katika ngozi, mengine yenye umbo la jani. Juu ya ngozi nyeusi mabaka hayo huonekana vizuri. Mama anayemwogesha mtoto wake ndiye wa kwanza kuyaona, basi ayaonyeshe kwa daktari.

Dawa hizi si za kununua sokoni. Homoni hupandisha mbinyo wa damu na kudhoofisha nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa, hata homa ndogo yaweza kumshinda mtoto. Vigabatrini yaweza kupunguza upana wa kuona. Tena si halali kuficha ukweli: hata wakitibiwa, watoto wengi hubaki nyuma katika akili, hasa wale ambao ubongo wao uliumia kabla, kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au kwa homa ya uti wa mgongo, au kwa kasoro ya ubongo waliyozaliwa nayo. Wapatao nafuu kubwa ni wale waliokuwa wazima kabisa, ambao hakuna kisa kilichoonekana, na ambao dawa iliwafikia upesi. Hapo majuma yana thamani. Kumngojea mtoto akue atapona, au kumzungusha miezi miwili kati ya moshi, chale na hirizi, ni kuyatumia majuma yale yale ambayo ubongo wayahitaji. Twasema hivyo bila kuwadharau wazee wetu. Wao walijitahidi kwa walivyojua, kama West na ruba zake.

Tusimtie hofu kila mama. Ugonjwa huu haupatikani kila nyumba: ni kama mtoto mmoja katika kila 2,000 mpaka 4,000 wanaozaliwa. Mtoto mchanga kushtuka mlango unapogongwa, akatupa mikono na kuirudisha, ni jambo la kawaida la miezi ya kwanza. Mwenye chango hulia na kujikunja, lakini hajikunji kwa kupimwa kama mpigo wa ngoma. Alama ya ugonjwa wa West ni mfululizo: kuinama kufupi, kisha kupumzika, kisha kuinama, tena mara nyingi mtoto anapotoka usingizini.

Wala si kila mchoro mbaya ni mbaya sawasawa. Tuwape walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu mfano mmoja. Mwaka 1935, mjini Boston, Gibbs, Davis na Lennox walionyesha mchoro wa watoto ambao hukatika ghafula katikati ya neno, wakakodoa macho kwa sekunde chache, kisha wakaendelea kana kwamba hakuna kitu. Katika sekunde hizo mawimbi yenye miiba hutokea kwa mpango kamili, matatu kila sekunde, kama askari waendao kwa hatua. Huo ni utaratibu, tofauti na vurugu ya hipsaritmia. Na kifafa hicho kwa kawaida hutibika vizuri, na wengi hupona wakikua. Lakini mtoto wa namna hiyo hupigwa fimbo bure shuleni kwa kuitwa mzembe. Mwalimu amwonaye mwanafunzi akikatika hivyo mara nyingi kwa siku, na awaambie wazazi.

Uko tena ugonjwa wa watoto wa miaka mitatu mpaka saba hivi, ulioelezwa mwaka 1957 na Landau na Kleffner huko Marekani. Mtoto aliyekwisha kusema vizuri aanza kutofahamu maneno. Masikio yake ni mazima. Asikia sauti, lakini maneno yamekuwa kelele tu kwake. Baadaye yeye mwenyewe anyamaza. Wazazi wamwona kiziwi au mkaidi. Aweza hata asianguke kifafa kamwe. Mchoro wa mchana waweza kuwa na kasoro kidogo. Lakini mtoto akilala usingizi mzito, miiba yajaa upande ule wa ubongo utumikao kwa lugha, mfululizo, usiku kucha. Mwaka 1971 Patry, Lyagoubi na Tassinari walieleza watoto wengine ambao usingizi wao ulijaa mawimbi hayo karibu wote. Mtu aweza kuuliza, usingizi ni wa nini basi? Usiku ndio wakati ubongo wapanga vitu vilivyokusanywa mchana. Mtoto huyu alala saa kumi, na ubongo wake haukupata saa moja ya kupanga.

Katika nchi zetu hizi kuna kuinama kwingine kwa kichwa, na yafaa tusikuchanganye na salamu za mtoto mchanga. Huko Mahenge, Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall aliwaona watoto wenye kutikisa kichwa kama msinziaji, tangu miaka ya 1960. Baadaye ugonjwa huo ulijulikana sana Sudani ya Kusini na Uganda ya kaskazini. Hao si wachanga. Wengi huanza kati ya miaka mitano na 15, na mara nyingi huanza wanapoona chakula. EEG ilisaidia kukata shauri, kwa kuwa ilionyesha kwamba kusinzia huko ni kifafa: shingo yapoteza nguvu kwa muda mfupi, na mchoro waonyesha kasoro saa ile ile. Ugonjwa huo hufuatana na minyoo ya usubi, wale inzi wadogo wa mito yenye maporomoko. Kwetu Kongo, kwa mfano huko Ituri, kifafa kimeonekana kingi katika vijiji vyenye usubi. Dawa ya ivermektini igawiwayo vijijini yafaa inywewe na kila aruhusiwaye kuinywa. Familia isemayo kwamba macho yetu hayaumi, kwa nini tunywe, yasahau watoto wake.

Sasa mzazi wa kijijini atuuliza: mashine hizo ni chache nasi tu mbali, ziko katika miji mikubwa, na barabara twaijua. Ni kweli. Lakini EEG si mwanzo wa kazi. Mwanzo wa kazi ni jicho la mama. Hata huko Ulaya, penye mashine kila mji, watoto wengi huchelewa kwa sababu mtu wa kwanza aliyesimuliwa hakutambua alichosimuliwa. Na ugumu ni kwamba mtoto akifika mbele ya daktari, hainami! Atabasamu au alala, nao warudishwa nyumbani na dawa ya tumbo. Siku hizi iko njia ambayo West hangaliweza kuiota. Simu ya mkononi yenye kupiga sinema iko hata katika vijiji vyetu, kama si ya baba, basi ya jirani. Mtoto anapoinama, avuliwe nguo nzito, alazwe mahali penye mwanga, mtu mmoja apige sinema ya mwili mzima kwa dakika mbili au tatu, asikate katikati. Daktari ajuaye magonjwa ya watoto, hata akiwa mji wa mbali, akiitazama sinema hiyo mara nyingi afahamu kuliko kwa maneno mia.

Sinema hiyo isizungushwe kwa watu wa kuchekelea. Ni ya daktari.

Pamoja nayo yaandikwe mambo machache katika daftari ya kliniki: siku ile jambo lilipoonekana mara ya kwanza, mafungu mangapi kwa siku, kila fungu mara ngapi, ni wakati wa kuamka au wa kunyonya, na lini mtoto alipoacha kucheka au kufuata kwa macho. Msomaji wa Injili akumbuka kwamba Bwana wetu, alipoletewa kijana mwenye kifafa, alimwuliza baba yake jambo hili limempata tangu lini. Daktari naye ataanza na swali hilo, na jibu la siku na tarehe lamfaa kuliko jibu la tangu zamani. Mtoto akipewa fenobarbitali peke yake, na kuinama kusipungue, mzazi asikae akingoja: dawa hiyo yafaa katika vifafa vingine vingi, lakini mbele ya huu haina nguvu. Arudi, aseme waziwazi kwamba mtoto bado anainama, aombe barua ya kwenda hospitali kubwa.

Na EEG ikipatikana, mama amnyonyeshe mtoto kule kule, amwache alale mashine ikiwa kichwani. Asimlaze njiani katika gari. Ikiwa mchoro wa kwanza ni mzuri lakini kuinama kwaendelea, mchoro mmoja haumalizi neno. Upigwe mwingine, mtoto akilala. Baada ya dawa pia yafaa kupima tena, maana kuinama kwaweza kukoma na tufani isikome, nalo jambo hilo macho ya mama hayawezi kuliona.

Habari ya degedege ya homa, na namna ya kumlaza mtoto mpaka itulie, tutaiandika juma lijalo.